Visima vya Isaka na Soko la Wajir

Somo kwa vikundi vya nyumba. Mafungu ya kusoma: Mwanzo 26:12–33 na 2 Samweli 20:14–22.

Ndugu wasomaji, somo letu la mara hii lahusu upatanisho. Hatutazungumza juu ya wakubwa wanaokutana hotelini na kutia sahihi mbele ya wapiga picha. Tutazungumza juu ya watu wanaochota maji kisima kimoja, ambao kesho asubuhi wataonana tena wapende wasipende. Naomba kila kikundi kisome kwanza mafungu yote mawili kwa sauti, tena polepole. Mtu asomaye makala haya bila kufungua Biblia atakuwa kama mtoto aliyenakili majibu ya hesabu kwa jirani yake: majibu anayo, hesabu haijui.

Tuanze na Isaka. Alikaa Gerari, akalima, akavuna, akafuga, akatajirika hata Wafilisti wakamwonea kijicho. Wakavifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu. Angalieni jambo hili vizuri. Katika nchi kavu hakuna anayefukia kisima kwa kuwa hana kiu. Wafilisti nao walikuwa na mifugo. Walifukia maji ambayo wao wenyewe wangeweza kuyanywa, ili mradi jirani asiyanywe. Hiyo ndiyo tabia ya ugomvi wa majirani popote duniani: hufika mahali mtu yu radhi kupata hasara, mradi mwenzake apate kubwa zaidi.

Isaka akahama. Watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji, na wachunga mifugo wa Gerari wakayagombania. Kisima hicho akakiita Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa nacho, akakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Wahubiri wengi husifu hapa upole wa Isaka, jinsi alivyohama na kuhama tena bila kuinua fimbo. Ni kweli alikuwa mpole. Lakini mimi naona tumeusifu mno upole huo, tukasahau kwamba Isaka alihama kwa sababu alikuwa na mahali pa kuhamia. Mkulima wa leo mwenye ekari mbili kando ya mto, ahamie wapi? Mfugaji aliyefukuzwa wilaya tatu, ahamie wapi? Kwa hiyo mwisho wa sura hii watufaa zaidi kuliko mwanzo wake.

Mwishoni twaona Abimeleki anakuja mwenyewe kwa Isaka, pamoja na Ahuzathi rafiki yake na Fikoli mkuu wa jeshi lake. Isaka hakuwapokea kwa tabasamu la uongo. Aliwauliza kwanza wamefuata nini kwake, hali walimchukia na kumfukuza. Alisema lililomuuma, nao wakasema lililowaleta. Ndipo akawafanyia karamu, wakala na kunywa. Asubuhi na mapema wakaapiana, wakaagana kwa amani. Siku iyo hiyo watumishi wakaja na habari kwamba wameona maji. Utaratibu huu naomba tuukumbuke katika somo lote: kwanza lawama inasemwa waziwazi, kisha watu wanakula pamoja, kisha wanaapa, na baada ya hayo ndipo maji yanapatikana. Sisi mara nyingi tunaanza na karamu. Tunachinja mbuzi, tunapiga picha, tunakwenda nyumbani, na lile lililouma limebaki tumboni.

Sisi tulio katika mkoa wa Morogoro hatuna haja ya kuelezwa ugomvi wa malisho na maji. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji, wakiwemo wanawake na watoto. Tangu hapo tumeona kila namna ya dawa: polisi, mikutano ya hadhara, operesheni za kuondoa mifugo kama ile ya mwaka 2009 huko huko Kilosa. Na bado katika miaka iliyofuata mikuki na mapanga yamerudi, leo huku kesho kule. Wakulima nao wana jeshi lao la jadi, mwano, ambalo yowe likipigwa vijana hutoka hata kama hawajui kisa ni nini. Nani kati yetu hajawahi kusikia yowe hilo, au kusimuliwa na aliyelisikia?

Nisieleweke kwamba serikali haina kazi. Mwuaji ni wa kukamatwa na kupelekwa mahakamani, na jambo hilo halina mjadala. Lakini polisi huja damu ikisha kumwagika, na hurudi kituoni jioni. Wanaobaki ni mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Neno ninalotaka tulipime leo ni hili: amani hudumu pale inapoanzishwa na kutunzwa na wale watakaoishi nayo, na mtu wa nje, hata akiwa na gari na fedha, kazi yake ni kuwasaidia hao, wala si kuwafanyia.

Kwa mfano nimechagua mahali pa mbali kidogo, tena pasipo na Waanglikana wengi: Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Nimepachagua kwa sababu ugomvi wao ulifanana na wetu, na dawa waliitafuta nyumbani.

Wajir ni nchi kavu ya ngamia na visima. Wakazi wake walio wengi ni Wasomali, Waislamu, nao wamegawanyika katika koo. Kubwa kati ya hizo ni Ajuran, Degodia na Ogaden. Tangu Kenya ipate uhuru hadi mwaka 1991, jimbo hilo lilitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari. Mwezi Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa na majeshi ya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na mamia wakafa. Hesabu yao inabishaniwa hadi leo. Hivyo wenyeji hawakuwa na sababu nyingi za kukimbilia kwa askari wakipatwa na shida. Kisha mambo manne yakaja karibu pamoja. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia mwezi Januari 1991, wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka nao. Ukame ukaua mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 ukaifanya kila koo ihesabu watu wake. Na visima vikawa vile vile. Mwaka 1992 na 1993 koo zikapigana, watu wakafa kwa mamia, mifugo ikaporwa, magari yakatekwa, walimu na wauguzi wasio wenyeji wakaondoka.

Mmoja wa waliokuwa mjini alikuwa mama kijana, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Alisimulia baadaye jinsi usiku mmoja risasi zilivyolia karibu na nyumba yake, akajificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza. Kulipokucha mama yake mzazi akaja, akamweleza kwamba naye katika miaka ya 1960, siku za vita vya shifta, alijificha vivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa kifuani pake ndiye Dekha mwenyewe. Basi akajiuliza kama na mtoto huyu naye atakuja kumficha wake. Sina la kuongeza juu ya swali hilo.

Mwaka 1993 yeye na wanawake wenzake wachache walikutana harusini. Mnajua harusi zetu za mwambao na bara, wanawake hukaa upande wao, na mambo mengi husemwa huko ambayo mabaraza ya wanaume hayasikii kamwe. Wakakubaliana kufanya kitu. Wala hawakuanza na bunduki, wala hawakuanza na wakuu wa koo. Walianza na soko.

Soko la Wajir lilikuwa la wanawake. Vita vilipopamba moto, mama wa koo hii alikataa kumuuzia mama wa koo ile, na mwingine alizuiwa hata kuingia. Mwaona ni Wafilisti wale wale na udongo wao, maana mwuza maziwa anayekataa kuuza anafukia kisima chake mwenyewe. Wanawake hao wakawaita wenzao wa koo zote, wakazungumza, wakaweka amri moja iliyo rahisi kukumbukwa: soko ni la wote, na kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi katika mikutano yetu hulisahau. Walichagua wanawake wa kuangalia. Kila siku walikuwapo sokoni, na mtu akitukanwa au kukataliwa kwa sababu ya ukoo wake, habari ilifika kwenye kamati siku hiyo hiyo, ikasuluhishwa kabla haijafika nyumbani kwa waume na kaka zao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; hilo twalisema sote. Wao waliweka mtu wa kukaa karibu na ufa na kuutazama.

Soko lilipotulia wakaenda kwa wazee. Hapa napenda busara yao. Mkuu wa koo kubwa akiita mkutano, koo kubwa nyingine itasema ametumwa. Kwa hiyo walitangulia kuwaendea wazee wa koo ndogo, zile ambazo hazikuwa na uzito wa kumtisha mtu, na hao ndio waliowaomba wazee wa koo kubwa waketi pamoja. Wazee wakaketi, wakasemezana, na mwezi Septemba 1993 wakatoa tamko linalojulikana kama Tamko la Al-Fatah, lenye masharti ya jinsi ya kurudisha amani na jinsi koo zitakavyotendeana baadaye. Vijana nao wakaunda kundi lao, maana wao ndio wenye kushika bunduki, na mzee hawezi kuahidi kwa niaba ya kijana asiyekuwapo. Wafanyabiashara wakachangia fedha. Likaundwa kundi la watu wa koo mbalimbali, wazee, wanawake na hata watu wa usalama, ambalo lilikwenda haraka mahali popote palipotokea tukio: ngamia wameibwa, mtu amepigwa, kisima kimezuiwa. Walifika wakiwa wamechanganyika ndani ya gari moja, na watu walipowaona wanashuka pamoja, nusu ya maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Ni baada ya hayo yote, mwaka 1995, kazi hiyo iliingizwa katika utaratibu wa wilaya, ikaitwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Wilaya. Tazameni nani alitangulia. Serikali haikuwaundia wenyeji kamati. Wenyeji walikuwa na kazi, nayo serikali ikajiunga nayo. Mfano huo ukaenea wilaya nyingine za kaskazini, na baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyoanza Desemba 2007, Kenya iliamua kamati za amani ziwepo katika wilaya zote. Sasa mimi ni mtu niliyekaa katika kamati nyingi maishani, nami nitasema ninaloliamini. Kamati inayozaliwa na hofu ya mama chini ya kitanda haifanani na kamati inayozaliwa na waraka. Ya pili huanza kuuliza juu ya posho kabla haijauliza juu ya ng'ombe, na posho ikikoma nayo hukoma.

Dekha mwenyewe alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mwaka 2008 Kenya ilipokuwa inawaka moto alikuwa miongoni mwa raia walioketi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Jenerali Lazaro Sumbeiywo kutafuta njia ya kuuzima. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari. Alikuwa Mwislamu wa moyo, na kazi yake aliijenga juu ya Kurani. Wako wasomaji watakaouliza kwa nini gazeti la Kanisa lifundishe kwa mfano wa Mwislamu. Nawajibu kwa Luka 10: Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakumchagua mlawi wala kuhani.

Si kila jambo la kule la kuigwa. Mwaka 2001 viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe, wakapatana juu ya dia, yaani malipo ya damu, kwa kadiri ya mila: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Naelewa sababu yake. Ukoo mzima ukilipa, ukoo mzima utamzuia kijana wake asiue tena; tena mjane na yatima wanapata kitu, jambo ambalo hukumu ya mahakama peke yake haiwapi. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba damu ya mama ni nusu ya damu ya baba, wala kwamba mwuaji atembee huru kwa kuwa jamaa zake wana mifugo mingi. Mwanzo 1:27 haukuweka bei mbili. Kikundi chenu kijadili hapa bila haraka, maana na sisi tuna desturi zetu za kulipana faini ambazo tajiri huzilipa akicheka.

Wala amani ile haikukaa kama jiwe. Mwezi Oktoba 1998, huko Bagalla, wafugaji wa Degodia walishambuliwa usiku na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Washambuliaji walitoka nje ya mapatano ya koo za Wajir. Hili lafundisha kitu kigumu: majirani wakipatana, mapatano yao yanawafunga wao tu. Kwetu pia iko mifugo ambayo wenyewe hawaishi kijijini. Iko mali ya watu wa mjini, inachungwa na kijana wa mshahara ambaye hana shamba, hana mama sokoni, wala hana aibu kwa mtu yeyote hapa. Huyo hatafungwa na kiapo cha wazee. Hapo ndipo tunapohitaji serikali kweli kweli, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaosema wazi ng'ombe wapite wapi na wanywe wapi.

Sasa turudi kwenye Biblia, fungu la pili. Yoabu ameuzingira mji wa Abeli, anabomoa ukuta, kwa sababu mwasi mmoja, Sheba mwana wa Bikri, amejificha ndani. Wanaume wa mji hatusikii wamesema nini. Mwanamke mmoja, ambaye hata jina lake hatupewi, anapaza sauti kutoka mjini na kumtaka Yoabu asogee wasemezane. Anamkumbusha kwamba mji huo tangu zamani ulijulikana kwa watu kwenda kutafuta shauri huko. Anamuuliza kwa nini auharibu mji ulio mama katika Israeli. Yoabu, ambaye hakuwa mtu mpole, anaanza kujitetea! Anaeleza anachokitaka hasa, na kumbe si mji, ni mtu mmoja. Kabla ya hapo hakuna aliyemuuliza.

Mwisho wa habari ile ni wa kutisha, maana kichwa cha Sheba kilitupwa nje ya ukuta, nasi hatusomeshwi hapo kwamba wananchi wajichukulie sheria mkononi. Biblia haifichi gharama za nyakati zile. Lakini yule mama aliokoa mji kwa kufanya mambo mawili ambayo wanawake wa Wajir waliyafanya pia: alikwenda mwenyewe mpaka mahali pa hatari, na aliuliza adui anataka nini hasa.

Tuje nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kila kijiji baraza la usuluhishi la watu saba, na kati yao watatu wawe wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kupatanisha. Tangu mwaka 2021 hata Baraza la Kata, katika mashauri ya ardhi, limebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu. Kuamua kumehamia juu. Maana yake, sheria ya nchi inatazamia kwamba ugomvi mwingi umalizike kwa mazungumzo kijijini. Je, mnawajua wale saba wa kijiji chenu? Je, yuko mfugaji kati yao? Wale wanawake watatu huzungumza, au wameketi kutimiza hesabu?

Na tuseme ukweli juu yetu wenyewe, kama Isaka alivyosema mezani pake. Kanisa letu katika sehemu nyingi ni kanisa la wakulima. Sadaka ya mavuno ni magunia ya mahindi na mpunga. Tukiomba mvua twaombea mashamba. Mfugaji tunamfahamu kama mtu anayepita, na mke wake kama mama wa maziwa. Ikitokea vurugu, katika maombi ya Jumapili tunawataja wetu waliojeruhiwa, na hao wengine tunawaita kwa jina la jumla. Hata majina yenyewe tuyachunguze. Wabarabaig tumezoea kuwaita Mang'ati, na wengi hatujui kwamba neno hilo limetoka kwa Wamaasai nalo maana yake ni adui. Isaka aliviita visima Ugomvi na Uadui. Sisi tumewaita hivyo watu, tena watoto wetu wamelipokea jina hilo kama jina la kabila.

Yule mama wa maziwa ndiye ninayemtazama zaidi. Anakuja asubuhi na kibuyu au ndoo, anarudi na unga na maharage. Vurugu zikianza, maziwa ndiyo hukatika kwanza, siku moja au mbili kabla ya yowe. Akina mama wa kijiji huona hayo. Wanaume wanaambiwa wakati mapanga yamekwisha kunolewa. Kama Umoja wa Mama katika mtaa wetu ungekuwa na wanawake watatu au wanne wenye kazi hiyo tu, ya kujuana na wale wanaoleta maziwa, kujua kwao, kuwatembelea wakijifungua, na kuuliza siku maziwa yasipokuja, nathubutu kusema tungepata habari mapema kuliko mtu yeyote mwenye ofisi.

Halafu iko saa ile ya kwanza. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi jioni. Mwenye shamba ameona hasara ya mwaka mzima kwa dakika ishirini. Nani hufika wa kwanza? Kwa kawaida ni vijana wenye fimbo, na baada yao ni mtu mwenye madaraka. Hapo pia pana ufa. Mara nyingi faini hutolewa, lakini mwenye mahindi haioni. Mfugaji naye huona amelipa mara mbili, basi safari nyingine huona ni nafuu kumtafuta mwenye madaraka kuliko kuongea na mwenye shamba. Hivyo wote wawili wanachukiana kwa hasara ambayo mtu wa tatu ameila. Kama wangefika watu wawili wanaoaminika, mmoja mkulima na mmoja mfugaji, pamoja na bwana shamba wa kupima hasara, na malipo yakatolewa mkononi mwa mwenye mahindi mbele ya mashahidi wa pande zote, hasira ingelala na jua. Watu hao wawili lazima wachaguliwe wakati wa amani. Ukienda kuwatafuta yowe likiwa limepigwa, hutawapata.

Kanisa lisijifanye hakimu katika shughuli hizo. Padre akitoa hukumu, na washarika wake ni wa upande mmoja, ataonekana amependelea hata akisema haki tupu. Lakini Kanisa lina uwanja, lina viti, lina kivuli cha mwembe, na lina watu wenye kuijua Mathayo 18:15–17, ambayo yaanza na mtu kumwendea mwenzake wakiwa wawili tu. Wazee wa koo ndogo za Wajir walikuwa na nini zaidi ya hayo?

Maswali ya kujadiliana

Mwanzo 26:27 Isaka alianza na swali lenye uchungu. Ni neno gani ambalo wakulima wa hapa hawajawahi kuwaambia wafugaji uso kwa uso, na ni neno gani mnadhani wafugaji wanalo juu yetu? Mmoja katika kikundi asimame upande wa wafugaji na kuwasemea kwa dakika tano bila kukatizwa.

Katika kijiji chenu ni kisima gani, mto gani au njia gani inayostahili leo kuitwa Eseki?

Wajumbe saba wa baraza la kijiji ni akina nani? Andikeni majina yao. Kikundi kisichoweza kuyaandika yote kipeleke mtu kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kukutana tena.

Dia ya ngamia: ni sehemu gani ya desturi ile mngeichukua, na ipi mngeiacha? Kwa nini?

Ng'ombe wakiingia shambani leo jioni, ni watu gani wawili mngewatuma? Je, wao wenyewe wanajua?